Umoja na wingi wa vyakula kwa Kiingereza: mwongozo wa mpishi, mhudumu na mwandika menyu

Orodha niliyokabidhiwa siku ile ilikuwa ya Kiingereza, na mstari wa nne ulisomeka "Loaves 8". Nilikuwa msaidizi wa mpishi, ndiyo kwanza safari yangu ya tatu ya mlima Kilimanjaro, na sikutaka kuonekana sijui. Nikazunguka Soko Kuu la Moshi nikapata karoti, hoho, tangawizi na nyanya. Hizo "lovesi" nikaziulizia maduka matatu. La kwanza walicheka. La pili walisema zimeisha. La tatu kijana akaingia ndani, akarudi na pea mbili za glavu za mpira za kuoshea vyombo.

Tulipanda bila mkate hata mmoja. Kuanzia kambi ya Shira wageni walikuwa wanakula chapati za maji asubuhi, mchana na wakati wa chai, na mpishi mkuu hakunisemesha mpaka kambi ya Barranco. Kinachoniuma ni kwamba neno "loaf" nilikuwa nalijua tangu shuleni. Sikujua tu kwamba likiwa mengi hugeuka "loaves".

Tangu hapo nimeandika mbao nyingi za menyu na orodha nyingi za manunuzi, Moshi na Arusha, na nimeona makosa ya wenzangu yakifanana na yangu. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno: kitunguu, vitunguu, mkate, mikate. Kiingereza hubadilisha mkia. Hilo kila mtu analijua. Linalotuangusha zaidi ni kwamba kuna vyakula ambavyo Mwingereza hakubali kuvihesabu kabisa, na orodha yake hailingani na yetu. Ndiyo maana sianzi na herufi "s". Naanza na kuhesabu.

Hatua ya 1: Uliza "ngapi" kabla ya kuandika chochote

Simama mbele ya chakula uulize kama unavyouliza sokoni. Mayai mangapi? Vitunguu vingapi? Maembe mangapi? Swali limekaa vizuri, basi kwa kawaida na Kiingereza kinahesabu: "egg" na "eggs", "onion" na "onions", "mango" na "mangoes". Sasa jaribu chumvi. Hakuna anayeuliza "chumvi ngapi" akaishia hapo. Utasema chumvi kiasi gani, unga kilo ngapi, mafuta lita ngapi. Ukiona unalazimika kuchomeka kilo, lita au kikombe katikati, kuna uwezekano mkubwa Kiingereza hakihesabu. Hapo neno linabaki vilevile, halipati "s": "salt", "flour", "sugar", "oil", "honey", "butter", "porridge". Kwa vinavyohesabika swali lao ni "how many", kwa visivyohesabika ni "how much".

Kipimo hiki kitakufikisha mbali, ila kina mashimo, na ni palepale watu wanapotumbukia. Nitayapitia taratibu.

Shimo la kwanza ni maziwa, maji na mafuta. Kwetu maneno haya yako kwenye ngeli moja na mayai na maembe, kwa hiyo tunasema maziwa yameharibika, maji yamechemka. Sikio limezoea wingi, na mkono unaandika "milks" au "the milk are finished". Mwingereza anayaona kama kitu kimoja kisicho na idadi: "the milk is finished", "the water is hot".

La pili ni mkate, lile lililonikuta mimi. Sisi tunahesabu mikate bila shida. Kwao "bread" haihesabiki. Huwezi kuandika "two breads" kwenye orodha ya duka. Mkate mzima ni "a loaf", minane ni "eight loaves", na kipande kilichokatwa ni "a slice". Keki ina sura mbili: ikiwa nzima mezani ni "a cake", na tatu ni "three cakes", lakini ukimkatia mgeni kipande umempa "some cake".

La tatu ni nafaka na jamii ya kunde, na hapa sina sababu ya kukupa kwa sababu haipo. Kuku anadonoa mchele punje moja moja kama anavyodonoa maharage. Lakini "rice" haihesabiki na "beans" zinahesabika. Kiswahili chenyewe kina utajiri hapa: mpunga shambani, mchele guniani, wali sahanini, vyote vitatu Kiingereza kinaviita "rice" na kinamaliza. "Rices" usiiandike kwenye menyu. Upande wa "rice" weka "maize", "corn", "wheat" na "millet". Upande wa "beans" weka "peas" kwa njegere, "lentils" kwa dengu, "groundnuts" au "peanuts" kwa karanga, "cashews" kwa korosho na, ajabu, "oats". Uji wa shayiri ile ya pakiti ni "porridge", hauhesabiki, lakini shayiri yenyewe ni "oats" yenye "s" siku zote. Bisi nazo zinafuata mahindi: "popcorn", kamwe si "popcorns". Hili nalisisitiza kwa sababu bisi na chai ndivyo wageni wa mlimani wanavyopokelewa navyo jioni wakifika kambini, na sijui nimefuta "popcorns" ngapi ubaoni.

Njegere zina kisa chake. Zamani Waingereza walisema "pease", na lilikuwa neno la kitu kisichohesabika, kama "rice" leo. Watu wakasikia mlio wa "z" mwishoni, wakadhani ni alama ya wingi, wakaikata ili wapate umoja. Ndipo "pea" ikazaliwa. "Cherry" nayo ilipatikana hivyohivyo kutoka neno la Kifaransa "cherise". Kabla hujawacheka, kumbuka kitabu. Waarabu walituletea "kitab", neno zima lisilo na kiambishi chochote. Sisi tukaona "ki" mbele, tukatengeneza vitabu.

Yaliyobaki kwenye hatua hii nayataja haraka. "Onion" inahesabika lakini "garlic" haihesabiki, ingawa vyote kwetu ni vitunguu. "Spinach" haihesabiki, na ndiyo inayoandikwa kwenye menyu nyingi kwa mchicha. Lakini ukiamua kuita mboga za majani "greens", basi "s" haiondoki. "Fruit" mezani kwa kawaida haina "s": "fresh fruit", hata kama sahani ina tikiti, parachichi na nanasi. "Fruits" hutumika ukizungumzia aina za matunda. "Vegetables" zinahesabika bila ubishi. "Pepper" ikiwa pilipili manga haihesabiki, ikiwa hoho inahesabika: "two green peppers". Pilipili kali ni "chilli", nyingi "chillies".

Hatua ya 2: Kisichohesabika kitafutie chombo

Chakula kikikataa idadi, unahesabu chombo, kipande au kipimo, na "s" inahamia huko. "Three cups of tea", "two bottles of water", "five kilos of rice", "six slices of bread". Angalia kwamba "tea", "water" na "rice" hazijaguswa. Lakini kama chakula chenyewe kinahesabika, wingi unakuwa pande zote mbili: "two kilos of tomatoes", "two trays of eggs". Ukiandika "two kilos of tomato" muuzaji atakuelewa, ila mgeni atajua umekosea.

Vyombo vyenyewe inabidi uvijue kwa majina. Kitunguu swaumu kizima ni "a head of garlic" au "a bulb", na punje yake moja ni "a clove". Mapishi yakisema "four cloves" usimenye vitunguu vinne vizima; supu hiyo italiwa na mpishi peke yake. "Cloves" peke yake, kumbuka, ni karafuu, kwa hiyo soma mpaka mwisho wa mstari. Kabichi na saladi ya majani huhesabiwa kwa "head".

Ndizi, kwa sisi wa huku, zinastahili aya yao. Mkungu mzima unaoshushwa kwenye gari pale soko la Mbuyuni, biashara ya ndizi kwa Kiingereza inauita "bunch". Chane moja iliyokatwa kwenye mkungu ni "hand", yaani mkono, na ndizi mojamoja ni "finger", kidole. Picha inajieleza yenyewe ukiishika chane. Tatizo ni kwamba mgeni wa kawaida dukani kwao hajawahi kuona mkungu. Anachokiita "a bunch of bananas" ni kile kichane cha ndizi tano au sita. Bosi akikuandikia "two bunches", muulize kabla hujakodi bodaboda ya kubebea mikungu miwili ya ndizi mshare.

Kuna ruhusa moja ya vinywaji. Mgahawani wageni huagiza "two coffees" na "three teas", na si kosa: wamekata neno "cups" kwa haraka, kama sisi tunavyosema "leta chai mbili". Kwenye orodha ya stoo ruhusa hiyo haipo, huko "coffee" ni kilo au pakiti. Na kwa kuwa tuko Moshi, mji ambao ushirika wa KNCU ulianzishwa 1933 kwa ajili ya kahawa, tusije tukaaibika: "coffee beans" ni buni, si maharage ya kahawa kama nilivyowahi kusoma kwenye kibao kimoja.

Hatua ya 3: Sasa "s", na ndugu zake

Vyakula vingi vinapata "s" tu: "carrots", "onions", "bananas", "eggs", "avocados", "chapatis", "samosas". Neno likiishia na mlio wa "s", "sh", "ch" au "x", weka "es", kwa sababu bila hiyo halitamkiki: "sandwiches", "peaches", "radishes", "dishes", "glasses", "boxes". Likiishia na "y" iliyotanguliwa na konsonanti, "y" inakuwa "ies": "curries", "berries", "cherries". Ikitanguliwa na irabu haiguswi: "kidneys" kwa figo, "turkeys" kwa bata mzinga.

Kwenye "o" ndipo wakubwa wenyewe waliteleza. Kariri tatu zenye "es": "tomatoes", "potatoes", "mangoes". Hiyo ya tatu utaiona pia kama "mangos", na zote mbili zinakubalika. Parachichi ni "avocados". Hiyo "e" inaingia wakati wa wingi tu. Tarehe 15 Juni 1992 Makamu wa Rais wa Marekani, Dan Quayle, alitembelea shule moja Trenton, New Jersey. Mtoto wa miaka 12 akaandika "potato" ubaoni, sahihi kabisa, na Makamu wa Rais akamwambia aongeze "e" mwishoni. Kadi aliyopewa mkononi ndiyo ilikuwa imekosewa. Kiazi kimoja kilimfuata Quayle miaka yote iliyobaki ya siasa zake, kwa hiyo ukikosea kwenye ubao wa mgahawa wa Moshi usikonde.

Kisha "f". "Loaf" ni "loaves", naandika kwa uchungu. "Leaf" ni "leaves", ndiyo maana majani ya chai ni "tea leaves". "Half" ni "halves", "knife" ni "knives". Ukikutana na neno la wingi linaloishia na "ves" na hulijui, jaribu kuondoa "ves" na kuweka "f" au "fe", ulitafute tena; "cloves" haimo, umoja wake ni "clove". Laiti ningejua hilo mbele ya yule kijana wa glavu.

Kosa moja la alama: usiweke kikoma cha juu kabla ya "s" ya wingi. "Egg's" na "potato's" si wingi. Waingereza wenyewe hukosea hapa kiasi kwamba kosa lenyewe limepewa jina la wauza mboga, kwa jinsi linavyojaa kwenye vibao vya magenge yao.

Kuhusu kutamka: "s" ya "carrots" ni "s", ya "beans" na "eggs" ni "z", ya "sandwiches" ni "iz". Usiongeze "i" mwishoni kama tunavyofanya kwenye chipsi. Na tukigusa chipsi, Mwingereza akisema "chips" anataka zile za moto tunazozijua. Mmarekani anataka zile kavu za pakiti, na za moto kwake ni "fries". Zote ni wingi. Muulize mgeni anatoka wapi kabla hujawasha jiko.

Hatua ya 4: Nyama, samaki na mayai

"Meat", "beef", "pork", "mutton" na "goat" ikiwa nyama, zote hazihesabiki. Majina ya nyama ya ng'ombe, nguruwe na kondoo yalitoka kwa Wanormandi waliozungumza Kifaransa, walioiteka Uingereza mwaka 1066. Mnyama akiwa hai alibaki na jina la Kiingereza la mchungaji, "cow", "pig", "sheep". Akifika mezani alipata jina la Kifaransa. Hivyo "two cows" wako malishoni, na "two kilos of beef" ziko buchani.

Kuku ana jina moja kote kote, ndiyo maana anasumbua. "Chicken" bila chochote ni nyama ya kuku. "A chicken" ni kuku mzima, mara nyingi mwenye manyoya yake. Ukimwandikia mgeni "rice with chickens" umemtengea wali na kundi la kuku wanaozunguka meza. Ukienda sokoni ndipo unaagiza "four chickens".

Samaki ni rahisi kwa Mswahili, kwa sababu Kiingereza kinafanya kama sisi: samaki mmoja, samaki kumi, "one fish", "ten fish". "Fishes" ipo, lakini hutumika zaidi kwa aina za samaki. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wakiandikwa "tilapia" wasipate "s", utakuwa salama.

Mayai hayana mtego wowote leo, "egg" na "eggs", ila hayakuwa hivyo. Mwaka 1490 William Caxton, aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza, alisimulia juu ya wafanyabiashara waliokwama Mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja akashuka kuomba "egges" kwenye nyumba. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye Kifaransa hakijui. Jamaa akakasirika, kwani naye alikuwa hajui Kifaransa. Ikabidi mwingine aseme "eyren", wingi wa zamani wa yai, ndipo mama akaelewa. Nikisoma kisa hicho namwona kijana wa lile duka la tatu.

Hatua ya 5: Jina la pishi

Hii ndiyo hatua ambayo menyu nyingi za Moshi na Arusha zinaanguka, hata zilizochapwa kwa rangi na kupigwa plastiki. Sisi tunasema supu ya mboga, supu ya ndizi, juisi ya maembe: pishi kwanza, kiungo baadaye, na kiungo kinaweza kuwa cha wingi. Kiingereza kinageuza, kiungo kinatangulia na kufanya kazi ya kivumishi. Na kivumishi cha Kiingereza hakina wingi. Kwa hiyo ni "vegetable soup", hata kama mboga ni za aina saba. "Tomato sauce", hata kama umesaga debe zima. "Mango juice", "potato salad", "bean stew", "egg curry", "fruit salad". Mtori ni "banana soup", na ukitaka mgeni ajue kuna nyama, "banana and beef soup". Kamwe si "bananas soup".

Kiungo kikirudi nyuma ya "with" au "of", wingi unarudi nacho: "soup with vegetables", "beef with bananas" kwa machalari. Kiburu, kile cha ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, kitakuwa "mashed bananas and beans", kwa sababu hapo ndizi ndiyo nomino yenyewe, haimsindikizi mtu.

Rangi na sifa nazo hazipati "s". Kiswahili kinalinganisha kila kitu, vitunguu vyekundu, mayai mabichi, na mazoea hayo yanatuzalia "greens beans". Andika "green beans", "red onions", "boiled eggs".

Hatua ya 6: Kagua ubao kabla wageni hawajaketi

Soma kila mstari ukiongeza "is" au "are" kichwani. "The rice is", "the beans are", "the spaghetti is". Hiyo tambi Waitaliano wanaiona ni wingi, ila Waingereza wanaihesabu kitu kimoja, wakati "noodles are". Kwa kimoja kinachohesabika weka "a", na "an" mbele ya irabu: "a banana", "an egg", "an avocado".

Tuchukue ubao wa kweli, nilioukuta kwenye hema la kulia umeandikwa na kijana aliyekuwa mgeni kazini kama nilivyokuwa mimi. Juu aliandika "Todays menu". Hapa ndipo kikoma cha juu kinapotakiwa, "Today's", kwa sababu ni menyu ya leo. Mstari wa kwanza, "Bananas soup": toa "s". Wa pili, "Rices with bean and spinachs": "Rice with beans and spinach", makosa matatu kwenye maneno matano. Wa tatu, "Two fried egg": yai limekosa "s" yake. Wa nne, "Breads and butter": "Bread and butter", na kama ni kwenye orodha ya sokoni, "loaves". Wa tano, "Fruits salad": "Fruit salad". Wa mwisho, "Popcorns and tea", nilimwachia autafute mwenyewe. Alikodoa macho muda mrefu, akaongeza "s" kwenye "tea".